Siku moja na vibuyu: manyanga mawili ya kutikisa, zeze moja la nyuzi

Saa 1:00 asubuhi. Naanza kwa kutikisa. Kibuyu kilichokauka barabara ni chepesi na mbegu zake hulia. Kisipolia, huenda mbegu zimegandia ndani tu, lakini kikiwa kizito kinarudi rafuni, hata kiwe na umbo zuri namna gani. Madoa meusi ya ukungu si kasoro. Panapobonyea chini ya dole gumba ndipo palipooza.

Saa 1:30. Kikavu huelea majini, kwa hiyo nakifunga gunia lililochovywa maji ya moto, dakika 20 hivi, kisha nakwangua ngozi ya nje kwa mgongo wa kisu. Makali yakigusa ganda, mkwaruzo usioonekana leo utanywa rangi na kutokea mweusi.

Saa 3:00. Kibuyu kikubwa, cha zeze, nakikata mdomo kwa msumeno wa meno madogo. Meno makubwa hung'oa vipande ukingoni. Barakoa kwanza! Vumbi la ndani ni chungu na hukaba koo. Utando wa ndani natoa kwa kijiko kilichonolewa ukingo, halafu msasa. Hapo ndipo naupima unene: kwa zeze nataka milimita 5 au zaidi. Chembamba kuliko hapo kinafaa kwa mapambo.

Saa 5:00. Ngozi ya mbuzi imelala majini usiku kucha. Nakata duara linalozidi mdomo kwa sentimita 4 kila upande, natoboa ganda kwa drili ya milimita 3, sentimita 2 chini ya ukingo, na kupigilia vigingi vya mianzi: kimoja huku, cha pili mkabala wake, hadi mzunguko ukamilike. Wengi huharibu hapa kwa kuvuta ngozi kama ya ngoma. Ngozi hujikaza yenyewe ikikauka. Ukiikaza mno ikiwa mbichi, mdomo unakuwa na umbo la yai au ganda linapasuka. Inakaa kivulini, kamwe si juani.

Saa 8:00 mchana. Manyanga. Natoboa shingo, natoa mbegu kwa waya, natia kokoto kali na kutikisa mpaka utando uachie. Kisha najaza mtama uliokaangwa, maana mbichi huliwa na fukusi na sauti hufifia. Naongeza kidogo kidogo nikisikiliza. Ukijaza sana, punje zinakosa nafasi ya kuruka na kinachobaki ni mnong'ono. Jozi iwe na sauti mbili, moja juu, moja chini. Mpini unaingia na gundi ya mbao.

Saa 10:00. Nakshi kwa chuma cha moto, dirisha wazi. Mkono usisimame: ukisita, kunabaki doa nene. Zeze siliguzi kwa moto, ngozi yake bado mbichi.

Saa 11:30 jioni. Nta kwenye manyanga, kitambaa kikavu. Ngozi ya zeze nikiigonga inajibu “pu”. Nyuzi zitasubiri.