Ninavyopata picha safi ya mishipa ya mapafu kwenye CT scan

Daktari akishuku donge la damu kwenye mapafu, anataka jibu moja: lipo au halipo? CT humjibu vizuri iwapo dawa ya kontrasti (maji yenye ayodini yanayoifanya damu ionekane nyeupe kwenye picha) itakuwa imefika kwenye mishipa wakati mashine inapiga. Vikipishana kwa sekunde chache tu, mgonjwa amekula mionzi bure.

Bomba la eksirei huzunguka mwili, vipokezi vya upande wa pili hupima kilichopenya, kompyuta ikajenga picha za mwili kipande kwa kipande. Kila nukta hupewa namba kwa kipimo cha Hounsfield, namba ikiwa kubwa ndivyo nukta inavyong'aa: maji 0, hewa -1000, mafuta karibu -100. Donge na damu hukaribiana mno kwa namba, kwa hiyo bila ayodini havitofautiani. Nikiona shina la mishipa ya mapafu limevuka 250, natulia: donge lolote litabaki la kijivu katikati ya weupe.

Kazi huanzia kwenye kanula, kijibomba cha plastiki kinachoingizwa mshipani, ambacho rangi yake huonyesha unene. Nataka ya kijani, namba 18, kwenye mkunjo wa kiwiko, mkono wa kulia. Ya pinki, nyembamba kidogo, inafaa pia. Ya bluu, nyembamba zaidi, nyuma ya kiganja siikubali, maana napitisha mililita 4 hadi 5 kwa sekunde na mshipa mwembamba hauhimili. Kabla ya kuunganisha pampu nasukuma salini (maji ya chumvi) mililita 20 kwa mkono, kidole kikiwa juu ya mshipa. Pakivimba au pakiuma, kanula inatolewa. (Majibu ya kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, na habari za mzio huwa nimeshaziona kabla mgonjwa hajapanda mezani.)

Kontrasti ni mililita 60 hadi 80, nyuma yake salini 40. Hiyo salini si pambo: bila yake dawa nzito hubaki kwenye vena kava ya juu, mshipa mkubwa unaoleta damu moyoni kutoka kichwani na mikononi, na kutupa michirizi juu ya mshipa wa pafu la kulia, na mtu anaweza kuidhania donge. Duara la kufuatilia, alama kwenye skrini inayopima dawa ikifika, naliweka kwenye shina la mishipa ya mapafu. Likisoma 100, skani inaanza, kutoka chini kwenda juu, kwa sababu sehemu za chini za mapafu ndizo hucheza zaidi pumzi ikimshinda mgonjwa.

Kwenye pumzi ndiko picha nyingi huharibikia. Mgonjwa akivuta kwa nguvu zote, damu isiyo na dawa hufyonzwa kwa wingi kutoka tumboni, huingia moyoni na kuizimua kontrasti. Mishipa inafifia ilhali pampu haina kosa. Mimi husema, "Mama, vuta kidogo tu, ishike hapo hapo," na tunafanya mazoezi kwanza. Anayehema sana namwacha apumue taratibu. Afadhali ukungu kidogo kuliko mishipa isiyo na dawa.

Kwa kusoma natumia dirisha, yaani sehemu ya namba za Hounsfield inayoonyeshwa kutoka nyeusi hadi nyeupe, la upana 700, katikati 100. Ukibaki kwenye 400 kwa 40 ya kifua cha kawaida, weupe wa kontrasti hulimeza donge dogo la pembeni.