Nyangumi wanaopita Mombasa hula wapi?

Kusi ikishakolea, kuanzia Julai mpaka Septemba hivi, nyangumi wa nundu hupita nje ya mwamba wetu, tangu Shimoni na Diani mpaka Watamu. Huja kupandana na kuzaa kwenye maji ya vuguvugu. Chakula sicho kinachowaleta: miezi hiyo karibu hawali kitu, na mama hunyonyesha kwa mafuta aliyojiwekea mwilini akiwa Antaktika. Anayetaka kujua hali yao basi aanze kuulizia barafu ya huko.

Mlo wenyewe ni krili, mdudu wa bahari anayefanana na uduvi, urefu wake sentimita 6 akikua sana. Nyangumi mmoja anaweza kula tani nzima kwa siku wakati wa kiangazi cha kusini. Krili mkubwa hafi njaa upesi: hukaa zaidi ya miezi sita bila kula, mwili ukisinyaa. Mtoto wa krili hana akiba hiyo. Majira ya baridi hujibanza chini ya barafu ya bahari, akikwangua mwani mdogo ulioota upande wa chini kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria. Barafu ikichelewa kuganda, hukosa chakula na maficho kwa pamoja.

Matokeo yake yamepimwa magharibi mwa Rasi ya Antaktika, kwa vipande vidogo vya ngozi na mafuta ya nyangumi vinavyoonyesha homoni za mimba. Mwaka 2017, baada ya krili kuadimika, majike wenye mimba walikuwa asilimia 29 tu. Mwaka 2020, baada ya krili kujaa, asilimia 86. Hao huenda kuzalia upande wa Pasifiki, si kwetu, lakini tumbo ni lile lile.

Watu hupenda kuuliza barafu ya bahari ya Antaktika imebaki kiasi gani. Ni kweli imepungua: Februari 2023 ilishuka hadi kilomita za mraba milioni 1.79, chini kuliko wakati wowote tangu setilaiti zianze kuipima. Lakini kwa mnyama, swali zito zaidi ni tarehe. Mtazame pengwini kaisari (kwa Kiingereza emperor), ndege wa Antaktika asiyeruka, mkubwa kuliko pengwini wote. Hutaga yai moja Mei au Juni juu ya barafu iliyoshikamana na pwani, na dume hulibeba juu ya miguu yake kwa siku 65 hivi bila kula. Kifaranga huanguliwa akiwa na malaika ya kijivu yanayohifadhi joto lakini yanayolowa. Manyoya yasiyopitisha maji humkamilikia Desemba au Januari. Barafu ikikatika Novemba, kifaranga hutumbukia na malaika yake, akafa maji au akafa baridi. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2022 kwenye Bahari ya Bellingshausen, huko huko Antaktika: kati ya makundi matano ya kuzaliana, manne yalipoteza vifaranga karibu wote.

Kule Aktiki, kwenye ncha ya kaskazini ya dunia, mambo hayatofautiani sana. Sili wa aina ndogo wa huko, mamalia wa baharini, huchimba pango ndani ya theluji, juu ya tundu la kupumulia kwenye barafu, na kuzalia humo. Mvua ikinyesha mapema, dari huporomoka na mtoto hubaki wazi mbele ya baridi na dubu. Walarasi nao, wanyama wakubwa wa baharini wenye meno marefu kama pembe, barafu ya kupumzikia ikiwakimbia, hurundikana ufukweni. Mwaka 2014 walihesabiwa kama 35,000 karibu na Point Lay, Alaska. Kundi kama hilo likishtuka, watoto hukanyagwa.

 

Ukitoka baharini msimu huu, nahodha akae mbali, asipite kati ya mama na mtoto. Subiri nyangumi anapozama chini kabisa: mkia huinuka, na upande wake wa chini una mabaka meusi na meupe ambayo hayafanani kwa nyangumi wawili. Piga picha hiyo, andika tarehe na mahali, uipakie kwenye tovuti ya Happywhale, inayolinganisha mikia kutoka bahari zote, Antaktika ikiwemo. Picha ya mgongo pia ina kazi yake: mama aliyekonda huonekana kabonyea nyuma ya kichwa.