Mizani, vina na kompyuta: nilivyozisoma hati za Utendi wa Mwana Kupona kutoka mtandaoni

Nilipoanza shahada ya uzamili nilitaka jambo moja tu: kuulinganisha Utendi wa Mwana Kupona ulivyo katika hati mbalimbali zilizonakiliwa kwa mkono, bila kutegemea chapa moja. Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate na mke wa Bwana Mataka wa Siyu, aliutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, ukiwa usia kwa binti yake Mwana Hashima. Alifariki mwaka 1860 au karibu na hapo. Utendi huu umepita mikono mingi, na kila mnakili aliuandika kwa herufi za Kiarabu alivyousikia au alivyouona. Alice Werner na William Hichens waliutoa kitabuni mwaka 1934, na wengi wetu tunaujua kupitia chapa hiyo au zilizofuata nyayo zake.

Hati zenyewe zimetawanyika. Maktaba ya SOAS, chuo cha London cha masomo ya Asia na Afrika, ina makusanyo makubwa ya hati za Kiswahili, yakiwemo ya W. E. Taylor, Werner na Hichens, na baadhi ziliandikwa na Muhamadi Kijumwa, yule fundi wa Lamu aliyekuwa mwandishi wa khati, mchonga milango na mshairi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyo wake uliokusanywa kwa juhudi za J. W. T. Allen, ambaye orodha yake ilichapishwa mwaka 1970. Nauli ya London sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni laptopu, bando la intaneti, na mkutubi wa chuo chetu hapa Mombasa ambaye alikaa nami alasiri nzima akinionyesha namna ya kutafuta kwenye makusanyo ya dijitali.

Ushauri wake wa kwanza ndio ulioniokoa kuliko programu yoyote: tafuta kwa tahajia zote. Mtunzi anaweza kuorodheshwa kama Mwana Kupona, Mwanakupona au Kupona binti Mshamu, na kazi yenyewe ikaitwa utendi, utenzi au wasiati. Walioandaa orodha hizo walikuwa watu wa nyakati tofauti, na kila mmoja alikuwa na masikio yake. Nilitengeneza orodha ya tahajia na kuzijaribu moja baada ya nyingine. Kila hati niliyoipata niliihifadhi kwenye Zotero, programu ya bure ya kutunza marejeo, pamoja na nambari ya hati kama ilivyo maktabani. Nambari hiyo ndiyo kitambulisho cha hati. Anwani za kurasa hubadilika. Nambari ya hati hubaki.

Kuhusu bando, kuna jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi wa pwani alijue. Maktaba nyingi kubwa sasa hutoa picha zao kwa utaratibu uitwao IIIF. Humo, anwani ya picha hutaja sehemu ya picha unayoitaka, ukubwa wake na hata jinsi ya kuizungusha. Ukiona katika anwani maneno full/max, weka full/800, mahali pake (na mkato wake), nawe utaletewa picha yenye upana wa pikseli 800 badala ya faili zito. Kwa kupekua kurasa hiyo yatosha. Zile zenye maneno yaliyofifia ndizo za kupakua kwa ukubwa kamili.

Kisha ikaja kazi yenyewe ya kusoma. Aliyewahi kusoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu anajua ugumu wake. Katika hati za kale herufi ya ba yaweza kuwa b, p au mb. Fa yaweza kuwa f au v. Katika alama za irabu, kasra hubeba i na e, dhuma hubeba u na o. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alipendekeza herufi za ziada ili kuondoa utata huo, lakini wanakili wa kabla yake hawakuwa nazo. Nilifikiria kutumia Transkribus, programu inayofundishwa kusoma mwandiko wa mkono. Nikaona kwamba unaifundisha kwa kuipa kwanza kurasa nyingi ulizokwisha kuzinakili wewe mwenyewe, na utendi huu una beti mia na ushei tu. Kwa kazi ya kiasi hicho, mkono unatosha, na jicho linajifunza.

Basi nikafungua jedwali. Kila kipande cha ubeti kilipewa safu yake, na kila safu ikawa na nguzo hizi: nambari ya hati, ukurasa, nambari ya ubeti, nambari ya kipande, maandishi ya Kiarabu kama yalivyo, unukuzi wa herufi kwa herufi, na mwisho usomaji. Nilizitenganisha nguzo mbili za mwisho kwa makusudi. Unukuzi husema mnakili ameandika nini. Usomaji husema mimi naona alikusudia nini. Ukivichanganya, anayekuja baada yako hawezi kujua wapi pameishia kalamu ya Kijumwa na wapi pameanzia dhana yako.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba chombo bora cha kuhakiki kazi yangu kilikuwa ndani ya utendi wenyewe. Kipande cha utendi kina mizani nane, yaani silabi nane. Vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne hubeba kina cha bahari kinachorudi kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, ambacho katika utendi huu ni -ya. Watunzi wetu walituachia njia ya kujua kama neno limepotea au limeongezwa, na njia hiyo kompyuta inaielewa vizuri sana kwa sababu silabi ya Kiswahili karibu daima huishia kwa irabu. Hesabu irabu, umehesabu mizani.

Kwenye jedwali la Google fomula yake ni fupi. Ikiwa usomaji uko nguzo ya G, huandikwa hivi:

=LEN(REGEXREPLACE(LOWER(G2),"[^aeiou]",""))

Hiyo huondoa kila kisicho irabu na kuhesabu kilichobaki. Isipokuwa m na n, ambazo zina mambo yake. Chukua mwanzo wa utendi: “Negema wangu binti, mchachefu wa sanati.” Irabu za kipande cha kwanza ni saba, na mizani ya nane ni ile n ya binti. Cha pili pia kina irabu saba, na ya nane ni m ya mchachefu. Kwa hiyo niliongeza nguzo nyingine iliyotafuta m inayofuatwa na konsonanti isiyokuwa b, v wala w, na n inayofuatwa na t, ch au s. Haikukamata zote. M ya mbora ni mizani kamili, m ya mbele siyo, na kompyuta haiwezi kuzitofautisha. Lakini kazi yake haikuwa kutoa hukumu. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi vipande vilivyotoka nje ya nane ili nirudi kwenye picha.

Vina nilivihakiki kwa kuchukua herufi mbili za mwisho za kila kipande na kuzilinganisha. Hapa ilinibidi kuamua tahajia moja tangu mwanzo, zingatiya au zingatia, kwa sababu kwa sikio ni kitu kimoja na kwa kompyuta ni viwili. Nilichagua -ya kila mahali katika nguzo ya usomaji.

Furaha niliyoipata siku vipande vilivyopakwa rangi vilipoanza kupungua siwezi kuieleza vizuri. Baadhi vilikuwa na neno ambalo jicho langu lililiruka. Vingine vilikuwa na mizani tisa kwenye hati yenyewe, na hivyo nikaviacha vilivyo, kwa kuwa mnakili ana haki ya kuandika alichoandika.

Kuna mahali ambapo mizani haisaidii hata kidogo. Pa, ba na mba zote ni silabi moja. Ukisoma moja badala ya nyingine, hesabu inabaki nane na kina kinabaki kizuri, lakini maana imekwenda kwingine. Kwa vipande hivyo nilikwenda kwa maalim mmoja mtu wa Lamu, aliyelelewa akisikia tenzi zikiimbwa nyumbani. Nilimpelekea picha zilizochapishwa kwa herufi kubwa. Alinitazama nikisoma kimya, akasema, “Mwanangu, utendi hausomwi kwa mato. Uimbe.” Tukauimba. Palipokuwa na utata aliimba usomaji wa namna zote mbili, akasimama, akachagua. Mara nyingine hakuchagua. Alisema wazee wake waliimba hivi na jirani zao waliimba vile. Ilinilazimu kuongeza nguzo ambayo sikuiwazia: nani amesoma hivi, na alijifunza kwa nani. Kwa ridhaa yake nilirekodi vikao hivyo kwa simu na kuandika dakika ya rekodi kando ya kila kipande.

Baada ya hapo nilitaka kuona maneno yanavyojirudia. Nilitumia AntConc, programu ya bure iliyotengenezwa na Laurence Anthony wa Chuo Kikuu cha Waseda, Japani. Naipenda kwa sababu hufanya kazi bila intaneti. Ila programu za namna hii nyingi huhesabu neno kama lilivyoandikwa, na vitenzi vyetu hubadilika kichwa na mkia: nipulike, upulike, wapulike (kupulika ni kusikiliza) huhesabiwa kama maneno matatu yasiyojuana. Njia ni kutafuta shina kwa alama za nyota mbele na nyuma, *pulik*, kisha kuyapitia matokeo kwa jicho, maana nyota huzoa hata yasiyohusika. Orodha ya maneno yanayotokea mara nyingi zaidi, ile inayovutia sana kwenye michoro ya rangi, kwa Kiswahili haiaminiki mpaka ufanye kazi hii.

Mwishoni nilihifadhi jedwali lote kwenye hazina ya kidijitali ya chuo, ambayo kama nyingine nyingi Afrika Mashariki inaendeshwa na programu ya DSpace. Nililiweka kama CSV, yaani faili la maandishi matupu, kwa usimbaji wa UTF-8, la sivyo herufi za Kiarabu huweza kugeuka takataka. Picha za hati sikuziweka, kwa kuwa si zangu kuzigawa. Niliweka nambari na viungo vyake, baada ya kusoma masharti ya matumizi ya kila maktaba. Rekodi za sauti zimebaki mikononi mwa maalim mpaka familia yake iamue. Sasa hivi ninaipitia orodha ya Allen ili nipeleke maombi Dar es Salaam ya kuziona hati zilizoko kule, na jedwali lina safu tupu zinazozisubiri.