Betri za Bweni Zima

Tulipokuwa Kidato cha Sita, fizikia ya kwanta, ile ya nishati inayokuja kwa vipande, tuliikariri kama shairi. Hata ungeniamsha usiku wa manane ningekutajia namba ya mwanafizikia Planck: 6.63 mara kumi kwa kipeo cha hasi 34. Namba hiyo inahusu nini duniani, hilo mtihani haukuuliza.

Jumamosi moja mwalimu wetu aliingia maabara na mfuko wa nailoni. Alitoa taa mbili ndogo za LED, nyekundu na ya bluu, mita ya fundi, na kitufe cha sauti kilichong'olewa kwenye redio mbovu. Tukaziba madirisha kwa mablanketi. Akawa anazungusha kitufe polepole, volti zikipanda. Mita ilipofika volti 1.8 hivi, nyekundu ikawaka. Ya bluu kimya, mpaka 2.6.

"Hiyo ina njaa ya umeme, mwalimu," alisema jamaa mmoja wa nyuma, fundi redio wa bweni letu. "Tuiongezee betri."

"Zileteni."

Zikaja betri za tochi zote. Tukazipanga ubavu kwa ubavu, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, tukiziunganisha kwa karatasi za fedha za pakiti za sigara (zilikotoka pakiti, mwalimu hakuuliza). Betri rundo zima, lakini volti ni ileile moja na nusu. Bluu haikuwaka hata kidogo.

"Konda hapokei michango," mwalimu akacheka. "Kila elektroni ilipe nauli yake kamili."

Nauli hiyo ndiyo volti: nishati inayopewa kila elektroni. Chembe moja ya mwanga hutoka kwa elektroni moja, na chembe ya bluu hubeba nishati kubwa kuliko nyekundu. Planck alianza kuhesabu nishati kwa vipande namna hiyo mwaka 1900, akichunguza mng'ao wa vitu vya moto. Einstein mwaka 1905 akathubutu kusema mwanga wenyewe uko kwa vipande. Tukapiga hesabu ya namba ya Planck kwa volti zetu na urefu wa mawimbi ya mwanga, nanomita 630 na 470. Nyekundu ikatupa 6.1, bluu 6.5, karibu na ile 6.63 tuliyokariri. Kwa kitufe cha redio! Mpaka leo naona somo lile lingeanzia hapo, milinganyo ifuate baadaye.

Fundi wetu hakuridhika. Akauliza kama mambo yanaweza kwenda kinyume, mwanga uingie umeme utoke. Mwalimu akamkabidhi ile nyekundu na mita, akamwonyesha mlango. Juani, bila betri yoyote, mita ikapanda kupita volti moja. Paneli ya sola ni kazi hiyohiyo, mwalimu akasema, ila eneo lake ni kubwa.

Jamaa akaanza kung'oa taa za tochi zetu azipime moja moja. Usiku ule tulijisomea kwa kibatari, maana betri alikataa kuzirudisha.