Sekunde 60, na miaka 29

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kuhesabu hadi 60.

Ilikuwa studio ya picha za paspoti. Kamera yetu ilikuwa na lenzi nne, unabofya mara moja mteja anapata nyuso zake nne. Ukishabofya unavuta ulimi mweupe wa karatasi, kisha ulimi wa njano, na huo wa njano ndio mtihani wenyewe. Filamu inapita kati ya rola mbili za chuma, kifuko kidogo cha dawa kinapasuka, dawa inatandazwa kati ya karatasi mbili. Ukisita katikati, mstari unajichora kwenye paji la uso la mteja. Ukivuta upande, kona inabaki kavu. Mzee aliyenifundisha kazi alisimama nyuma yangu siku ya kwanza, akaniona natetemeka, akasema: "Kijana, usivute kama mwizi. Vuta kama mwenye mali."

Halafu unahesabu. Filamu ya rangi ilitaka dakika nzima, na asubuhi za baridi ilitaka zaidi. Asubuhi hizo tuliibana picha kwapani, katikati ya vibati viwili, dawa ipate joto. Mteja amekaa kwenye stuli anakutazama umebana kwapa kama unayepimwa homa. Muda ukitimia unabandua, na picha hiyo hapo, mbichi, inang'aa, ina harufu kali ya dawa. Mkono wa pili umebaki na ganda lake: karatasi nyeusi inayonata na kuwasha vidole. Jioni nilikuwa natoa maganda hayo ndoo nzima.

Miaka yote ile sikuwahi kujiuliza nani kayabuni haya. Niliacha studio, nikaingia kazi nyingine, na ndipo siku moja nikaanza kusoma habari za Edwin Land, mwanzilishi wa Polaroid, kampuni ya picha za papo hapo kama zile zetu. Nikagundua kwamba ndoo yangu ya maganda ilikuwa imemkera yeye miaka mingi kabla haijanikera mimi.

Kisa ambacho kila mtu hukisimulia ni cha Desemba 1943. Land yuko likizo Santa Fe, New Mexico, pamoja na binti yake Jennifer wa miaka 3. Baba kampiga mtoto picha, mtoto anauliza kwa nini hawezi kuiona sasa hivi. Land akatoka kutembea peke yake. Mwenyewe alikuja kueleza kwamba ndani ya saa moja alikuwa ameshaiona kamera, filamu na kemia yake, vyote kichwani. Wakili wake wa hataza, yaani haki za uvumbuzi, Donald Brown, kwa bahati naye alikuwa mji huohuo. Land akamwendea jioni ileile akammwagia yote.

Kisa kizuri. Ila wanaokisimulia huishia hapo, msomaji akabaki anaamini kwamba mtu mwenye kipaji hutoka kunyoosha miguu akarudi na kampuni.

Aliyetoka kutembea siku ile alikuwa na miaka 34, na nusu ya maisha yake alikuwa ameshaitumia kuhangaika na mwanga. Alizaliwa Bridgeport, Connecticut, tarehe 7 Mei 1909, mtoto wa mfanyabiashara wa vyuma chakavu. Dada yake alishindwa kulitamka jina Edwin, likawa Din, na waliomjua kwa karibu walimwita hivyo mpaka uzeeni. Aliingia Harvard mwaka 1926, akaona darasani anapoteza muda, akaondoka kwenda New York. Mchana alishinda maktaba ya umma akisoma kila kitu kuhusu mwanga. Usiku alipenya kwa dirisha na kuingia maabara ya Chuo Kikuu cha Columbia, ambako hakuwa mwanafunzi wala mfanyakazi.

Alichokuwa akikitafuta ni dawa ya taa za magari, zile zinazokupofusha usiku gari likija mbele yako. Na hapa kuna jambo ambalo lilinichekesha peke yangu nilipolisoma. Mwaka 1852 daktari mmoja wa Uingereza, Herapath, alitangaza fuwele za ajabu zilizotokea baada ya mwanafunzi wake kudondosha iodini kwenye mkojo wa mbwa aliyelishwa kwinini. Ndiyo, kwinini ileile ya malaria. Vifuwele hivyo vya kijani viliuchuja mwanga: mawimbi yanayotikisika upande mmoja yanapita, mengine yanazuiwa. Wataalamu walitaka kukuza fuwele moja kubwa itoshe kutengenezea lenzi, ikawa kila wakijaribu inavunjika. Land aligeuza jambo zima. Alizisaga zikawa ndogo kupita kuonekana, akazichanganya na utomvu wa plastiki, akazilaza zote upande mmoja kwa nguvu ya sumaku, kama nywele zilizochanwa. Mamilioni ya fuwele mbovu zikafanya kazi ya ile moja kubwa iliyowashinda wote. Mwaka 1929 alipeleka ombi la hataza, naye hajafika hata miaka 20.

Watengenezaji wa magari hawakuwahi kuichukua teknolojia yake ya taa, licha ya kuwabembeleza miaka nenda miaka rudi. Ikaishia kwenye vichujio vya kamera na miwani ya jua, na hiyo ndiyo iliyoijenga Polaroid mwaka 1937. Harvard alirudi, akapewa maabara yake, akaondoka tena bila digrii. Kazini wote walimwita Daktari Land hata hivyo. Mwaka 1957 chuo hichohicho kikampa udaktari wa heshima, nadhani ili kumaliza aibu.

Basi, turudi kwenye swali la mtoto. Saa moja Santa Fe ilimpa Land picha kichwani. Picha ya kushika mkononi aliionyesha New York tarehe 21 Februari 1947, mbele ya chama cha wataalamu wa mwanga: alijipiga mwenyewe, akasubiri, akabandua, wanahabari wakaona nyuso mbili za mtu mmoja, ya nyama na ya karatasi. Kamera ilianza kuuzwa Boston tarehe 26 Novemba 1948 kwa dola 89 na senti 75. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 2, na zilizoletwa dukani zilikwisha siku hiyohiyo.

Zilitoa picha za rangi ya udongo. Wateja walitaka nyeusi na nyeupe. Aliyekabidhiwa kazi hiyo alikuwa Meroë Morse, binti aliyesomea historia ya sanaa, asiye na cheti chochote cha kemia. Land aliamini kwamba mwenye jicho atafundishika kemia, na Morse akaja kuiongoza maabara nzima ya picha nyeusi na nyeupe. Filamu hiyo ilitoka mwaka 1950, na haikuchukua muda picha zikaanza kufifia mikononi mwa watu. Fikiria aibu yake: umemuuzia mtu kumbukumbu ya harusi, nayo inayeyuka. Wakatafuta dawa ya kupaka juu, na kila boksi la filamu likaja na kipangusio chenye unyevu. Unabandua picha, unaipangusa, unaianika. Mzee wangu aliipangusa miaka mingi kabla mimi sijafika. Alisema ina harufu ya siki. Rangi zilikuja mwaka 1963, na bado ganda lilikuwepo, na bado mpigaji alisimama anaangalia saa.

Hapa ndipo ninapompendea mtu huyu. Kampuni ilikuwa inapata fedha nyingi, hakuna mteja aliyegoma kununua kwa sababu ya ganda, na yeye halali. Alitaka kamera inayoingia mfuko wa koti, ubofye, picha itoke yenyewe, hakuna kuvuta, hakuna kuhesabu, hakuna kubandua, hakuna cha kutupa. Wasaidizi walipokezana zamu kwa sababu hakuna aliyeweza kwenda naye mwendo mmoja, na wengine walimletea chakula mezani maana alisahau kula.

Tatizo gumu kuliko yote ni la kawaida kabisa ukilitazama kwa macho ya fundi picha. Picha inaogopa mwanga mpaka isafishwe. Sisi tuliificha kati ya karatasi mbili, wengine kwenye chumba cha giza. Picha ya Land ingetoka wazi, juani, ikiwa bado mbichi. Itafichwa na nini? Walichofanya ni kuweka pazia ndani ya dawa yenyewe: rangi nzito inayotandazwa pamoja na dawa na kuzuia jua, kisha dawa inapopoa ukali wake, pazia linapoteza rangi, linaonekana halipo, na uso wa mtu unajitokeza chini yake taratibu. Chumba cha giza chenye unene wa unywele. Mimi niliyebana vibati kwapani nilipolielewa hilo niliweka simu chini nikanyamaza.

Aprili 1972 Land alipanda jukwaani mbele ya wanahisa wake, akatoa kitu bapa mfukoni, akakikunjua, akapiga picha tano ndani ya sekunde 10. Kamera ikaitwa SX-70. Kutoka Santa Fe hadi jukwaa lile ni zaidi ya miaka 28, na ilipofika madukani ilikuwa inaelekea 29. Hilo ndilo jibu kamili la swali la Jennifer, na wakati huo Jennifer alikuwa mtu mzima.

Sasa naomba nisimame mahali ambapo wasifu wake mwingi hupita mbio.

Oktoba 1970, makao makuu ya Polaroid, Massachusetts. Wafanyakazi wawili weusi, Caroline Hunter, mkemia, na Ken Williams, mpiga picha, walikuta kwenye ubao kitambulisho cha mfano kilichoandikwa jina la idara ya migodi ya Afrika Kusini. Wakafuatilia, wakajua kwamba mitambo ya kampuni yao ilikuwa inatumika kutengeneza picha za pasi, kile kitabu ambacho Mwafrika alikamatwa akitembea bila nacho katika nchi yake. Wakasambaza vipeperushi vilivyosema Polaroid inawafunga watu weusi kwa sekunde 60. Hunter alifukuzwa kazi Februari 1971. Kampuni ilikuwa imeshatuma ujumbe wa kuchunguza na kuzuia mauzo kwa serikali ile, ila ikabaki ikifanya biashara kupitia wakala. Ilipokuja kubainika mwaka 1977 kwamba wakala alikuwa akiiuzia serikali kimyakimya, ndipo ikajitoa kabisa.

Sisemi Land alikuwa mtu katili. Alichukua wanawake kwenye maabara wakati kampuni nyingine ziliwaweka kwenye taipu. Ila mimi nimepiga maelfu ya nyuso za vitambulisho, na najua jinsi mtu anavyokaa kwenye ile stuli: anameza mate, ananyoosha kola, anauliza kama masikio yote mawili yanaonekana. Wangu walikuwa wanakwenda kuomba safari. Mashine ya aina moja, dawa ileile, na mwingine amekaa mbele yake ili azuiwe asitoke. Mtu aliyeweza kukesha miaka kwa ajili ya ganda la karatasi alihitaji mkemia kijana ahatarishe kazi yake ndipo kampuni yake iulize nani amekaa kwenye stuli. Hilo halinitoki.

Ukaidi huohuo ndio uliomtoa. Mwaka 1977 alitoa Polavision, sinema ya nyumbani inayojisafisha yenyewe. Kama kemia, ni maajabu. Ila ilikuwa bubu, kaseti moja haikufika dakika 3, na uliitazamia kwenye kisanduku chake maalumu, wakati mashine za video zenye sauti zilikuwa zimeshaingia madukani. Waliomwonya hawakusikilizwa. Kampuni ikala hasara ya dola milioni 68.5, mwaka 1980 akaachia ukurugenzi mkuu, na 1982 akaondoka moja kwa moja. Steve Jobs wa Apple, aliyemhesabu Land miongoni mwa mashujaa wake, alisema waziwazi kwamba kumwondoa ulikuwa upumbavu. Mimi sina hakika. Kesi ya hataza dhidi ya Kodak, kampuni pinzani, Polaroid waliishinda, lakini fedha zake, dola milioni 925, zililipwa mwaka 1991 yeye akiwa ameshazikwa miezi michache nyuma.

Alifariki tarehe 1 Machi 1991, ana hataza 535. Baada ya kifo chake msaidizi wake aliharibu karatasi zake binafsi, kwa hiyo barua na daftari zake nyingi hazipo. Tunamsoma zaidi kupitia waliomwona.

Mzee wangu naye hayupo tena. Familia yake ilinipa picha yake moja ya ujanani, amesimama na kamera shingoni, nyeusi na nyeupe, ya wakati wa kipangusio. Yeye aliyenigombeza kila nilipovuta vibaya, siku ile inaonekana alikuwa na haraka. Kuna mstari aliouruka, upana wa kidole, unapita begani kushuka hadi mfukoni. Hapo koti limekuwa rangi ya chai na kifungo kimoja hakionekani kabisa. Uso uko salama.