Breki ilikuwa inazama, nikaitoa upepo mwenyewe

Nilikuwa nashuka kilima cha Bugando, Mwanza, pedali ikazama kama nimekanyaga sponji. Nikaipampu mara tatu ndipo gari likashika. Pedi zilikuwa nzima, hakuna panapovuja. Nikafungua kikopo cha oili ya breki: oili imekuwa kahawia kama chai ya rangi. DOT 3, aina ya oili ya breki niliyokuwa nayo, hunyonya unyevu wa hewa, na yangu haijabadilishwa tangu ninunue gari. Uzembe wangu.

Jumamosi nikamkalisha mpwa wangu kwenye usukani. Nikafyonza oili chafu kwa bomba la sindano, nikajaza mpya, nikaanza na tairi la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na masta, yaani pampu kuu ya breki. Mpira mwembamba kwenye nati ya kutolea upepo, ncha nyingine imezama kwenye chupa yenye oili kidogo.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga, mjomba."

"Usiachie!"

Nalegeza kwa spana namba 10, mapovu yanatoka, nakaza, ndipo anaachia.

Tairi la tatu tulinogewa, kikopo kikakauka, upepo ukaingia upya. Tukarudia yote! Tone lililodondokea fenda nililimwagia maji haraka, maana hula rangi.

Jioni pedali ilishika juu kabisa. Nikapanda Bugando tena, nikashuka taratibu.