Maji ya moto si dawa ya kila doa

Nyumbani kwetu nguo ikiingia doa, anayekimbilia birika hunikuta nimeshasimama njiani. Swali langu ni moja: doa la nini? Bila jibu hilo sikubali maji ya moto yaguse kitambaa.

Damu ndiyo inayonifanya niwe mkali hivyo. Damu, maziwa na yai vina protini, na protini ikipata joto huganda, kama ute wa yai unavyogeuka mweupe kikaangoni. Kumwagia shuka lenye damu maji yanayochemka ni kuipikia damu hiyo ndani ya nyuzi. Tumia maji baridi, tena mengi, uyapitishe kwa upande wa nyuma wa kitambaa ili damu isukumwe itoke ilikoingilia. Kisha paka sabuni, acha kidogo, suuza, rudia. Iliyokwisha kukauka mimi huiloweka usiku kucha kwenye maji baridi na sabuni ya unga yenye vimeng'enya. Soma pakiti, huwa imeandikwa. Hivyo vimeng'enya ndivyo vinavyoikatakata protini. Sufu na hariri usizitie humo, maana nyuzi zake zenyewe ni protini. Kwa nguo nyeupe ya pamba iliyogoma, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ile inayouzwa duka la dawa, hutoa povu ikikutana na damu na kuling'oa doa. Nguo ya rangi ijaribu kwanza ndani ya upindo, kwani inaweza kupauka.

Mafuta yana njia nyingine kabisa. Nguo ikiwa bado kavu, dondoshea sabuni ya maji ya kuoshea vyombo palepale kwenye doa, isugue taratibu kwa kidole, iache robo saa. Hapo sasa maji ya moto yana kazi, kwa kiwango ambacho kitambaa kinakivumilia.

Chai na kahawa, wahi kusuuza. Siki kidogo husaidia. Wino wa kalamu hutoka kwa spiriti: weka kitambaa safi chini ya doa, gusagusa kwa pamba kutoka ukingoni kuelekea katikati. Ukisugua, unautandaza.

Jambo ambalo wengi hulipita ni pasi. Doa la mafuta hujificha nguo ikiwa mbichi, likaonekana ikikauka. Kwa hiyo anika kwanza, itazame penye mwanga, na kama doa bado lipo rudi kwenye beseni. Joto la pasi hulikaza.

Kutu nayo naitibu kwa maji ya limau na chumvi, nguo ikiwa juani. Blichi haiitoi, huizidisha. Na hapo kwenye limau na blichi naomba sana tusikilizane: visikutane. Blichi ya klorini ikichanganyika na limau, siki au dawa yoyote ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini. Ikikutana na amonia hutoa gesi nyingine inayochoma macho na mapafu vilevile. Kama umeshatumia kimoja, suuza mpaka kiishe kabisa kabla ya kushika kingine. Ukisikia harufu kali inayokaba koo, usibaki hapo kumalizia kufua: toka nje upate hewa, wengine nao watoke, madirisha yaachwe wazi.